Mafunzo ya Kuanguka

Nyumba ya Pembeni,
Mtaa wa Maseremala.
Jumatatu, 24 Novemba.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mfikishie na mkaza mjomba shikamoo yake, nami nitashukuru kujua kama lile goti lako limekuhurumia mwaka huu, maana najua baridi ya huko haina adabu kwa viungo vya watu wazima. Natumaini nyote mnaamka salama na kulala salama. Hicho ndicho ninachowaombea siku hizi kuliko kitu kingine chochote, na ukiendelea kusoma utaelewa sababu.

Huku joto limeingia kwa kishindo. Bati linalia mchana kutwa, lami inashika viatu, na mama, dada yako, amehamishia godoro sakafuni. Afya yake ni njema. Hasira yake ni njema zaidi.

Kuhusu safari yetu ya kuja kuteleza kwenye theluji: viza zote nne zimetoka, yangu, ya kaka Randa, ya dada na ya shemeji. Mkuu wa ofisi ya safari ninakofanya kazi kwa majaribio ameniruhusu likizo, kwa sharti kwamba nirudi na maelezo kamili ya jinsi mji wa skii unavyoendeshwa, kuanzia mitambo ya kupandisha watu mlimani hadi ukodishaji wa viatu. Wateja wetu wote hulikimbia joto kwa kwenda ufukweni, ambako nako ni joto. Nimekusudia kuwa mtu wa kwanza katika ofisi ile kuuza theluji.

Ulituambia kwenye simu kwamba somo la kwanza la skii ni kuanguka, kwa kuwa anayeanguka kwa woga huvunjika na anayeanguka kwa ujuzi huinuka. Neno lako nililichukua kama muhadhara. Nikaandaa mafunzo. Kaka Randa alichonga mbao za kutelezea kutokana na masalio ya dari, akazikunja ncha kwa mvuke, akazipigilia kandambili kuukuu juu yake. Nyuma ya karakana yake kuna mteremko wanaoutumia kushushia magogo. Tuliufunika kwa maranda, na chini yake tukalundika maranda mengine kama kitanda. Fimbo zetu zilikuwa mipini ya mafagio.

Tulifanya mazoezi Jumamosi moja alasiri, familia nzima. Kaka alishuka kama gunia la misumari, mikono mbele, akachunika viganja. Mimi nilianguka kwa mujibu wa maelekezo yako, ingawa mama alidai hakuona tofauti. "Nimewasomesha mje kuangushana bure!" alisema, akicheka hadi khanga ikamtoka begani. Majirani walikuwa wamepanga vichwa juu ya ukuta.

Kisha ikaja zamu ya dada. Mjomba, hakuna aliyemfundisha. Mbao zilipomtoka miguuni, kabla hata hajagusa maranda, alikwisha kujikunja: kidevu kifuani, viwiko usoni, magoti tumboni. Hakutoa sauti. Kaka alipiga makofi, "Huyu ndiye bingwa wetu!" Lakini dada hakuinuka. Alibaki vilevile, ametulia tuli.

Mama ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alisogea, akainama. "Mwanangu, unangoja nini hapo chini?"

"Nangoja amalize," dada akajibu, kisha akashtuka kwa kusikia alichokisema.

Shemeji alikuwa ameketi juu ya magogo na chupa ya soda. Unamfahamu kwa sauti tu: fundi wa matairi, yule tunayemwita Tabasamu kwa sababu kinywa chake hakifungi. Aliteremka akicheka. "Mama mkwe, binti yako anapenda maigizo." Akamshika mkono ili amwinue, mkono wa gauni ukapanda, na sote tukaona. Tangu bega hadi kiwiko kulikuwa na mistari minene, mingine ya buluu, mingine imeanza kugeuka manjano.

Nilisema, "Shemeji, mwachie." Nilijitahidi kulisema kwa upole.

"Msomi, nenda kacheze na theluji yako," alinijibu, na ngumi yake ikanikuta mdomoni. Jino langu la mbele lipo ndani ya kikombe mezani hapa ninapoandika.

Kaka alipomrukia, nilidhani watapigana wao wawili. Sivyo alivyofanya shemeji. Alimpita kaka, akaokota mpini wa fagio, akamgeukia dada. "Umewaambia nini? Umewaambia nini? Umewaambia nini?" Kila swali na pigo lake. Pigo la tatu lilivunja mpini, na pamoja nao mfupa wa mkono wa dada. Nilikuwa sijawahi kusikia mfupa ukivunjika. Huwezi kuufananisha na kitu kingine.

Mama, dada yako, alichukua ubao mmoja wa kutelezea akampiga nao mkwewe sikioni. Aliuinua tena, akampiga tena. Mbao zile kaka alizichonga kwa ustadi, na ncha iliyokunjwa ilimchana shavu. Alipoanguka, kaka alimburura kwa mkanda hadi karakanani, akaubana mkono wake wa kulia ndani ya jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, na akaanza kuzungusha. Nilimng'ang'ania kaka shingoni, nikipiga kelele kwamba atafungwa. Hakunisikia. Aliacha pale tu mama aliposema, kwa sauti ya chini kabisa, "Inatosha. Huyu asikufanye uwe yeye."

Hospitali ilimfunga dada plasta. Daktari wa zamu alituonyesha picha ya kifua chake, akagusa mbavu mbili zilizowahi kuvunjika na kujiunga vibaya. Mama akauliza ni lini. Dada alinitazama mimi. "Siku ya mahafali yako," alisema. Siku ile tuliambiwa ana homa. Shemeji alikuja peke yake, akanivalisha joho kwa mikono yake, na katika picha zote amesimama kando yangu akitabasamu.

Polisi walimchukua kaka kwa sababu ya mkono ule, wakamwachia kwa dhamana. Kwa hiyo haruhusiwi kusafiri mpaka kesi iamuliwe, na nakuomba usimsubiri msimu huu. Dada naye ameandikisha mashtaka yake. Baba mdogo wa shemeji alikuja kusuluhisha, akatuasa kwamba mambo ya ndani humalizwa ndani. Mama hakumkaribisha kiti. "Ndani ndiko alikovunjiwa mbavu," alimwambia. "Tumechagua nje." Mzee akaondoka na kofia yake mkononi.

Ijumaa Tabasamu alikuja mwenyewe, saa ambayo mafundi hupumzika. Mkono mmoja ulikuwa na bandeji, mwingine ulishika mtaimbo wa kufungulia matairi. Alivunja madirisha yote ya karakana, akazipasua mbao zetu za kutelezea moja baada ya nyingine, akamvunja taya fundi mpaka rangi aliyejaribu kumzuia. Dada alikuwa amefungiwa stoo kwa usalama wake, na mama amekaa mlangoni na shoka. Mama aliniambia baadaye kwamba hakulishika kwa kutishia. Wanawake wa mtaa walitoka na michi, wahunzi wakatoka na vyuma vilivyokuwa bado vyekundu, ndipo akakimbia. Alipofika kona aligeuka na kupaza sauti: "Viza ninayo! Nitamfuata hukohuko kwenye barafu!"

Mjomba, hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hakusema uongo. Viza anayo, kwa mwaliko uliomwandikia wewe kwa moyo mweupe. Polisi wanamtafuta, lakini hawajampata. Nakuomba, kwa heshima zote, uende idara ya uhamiaji ya huko siku utakapopokea barua hii, uufute mwaliko wake kwa maandishi na uwaeleze sababu bila kuificha. Tafadhali usiliahirishe jambo hili kwa kuona haya. Haya tumeshaiona sisi kwa niaba ya ukoo mzima.

Pili, dada nami tutakuja kabla ya siku tuliyopanga. Siku ya ndege nitakwambia kwa mdomo kwenye simu, wewe peke yako. Shemeji akikupigia simu usimjibu lolote, hata akilia. Ana sauti ya asali, na hivyo ndivyo alivyotupata sote.

Tatu, nisingependa nikufiche jambo. Likizo yangu itakapokwisha nitarudi mwenyewe. Dada hatarudi nami. Tunaomba umhifadhi hadi kesi iamuliwe, na kama itakuwa muda mrefu, basi iwe muda mrefu. Anajua ushonaji na hachagui kazi. Kuteleza hatateleza mwaka huu, kwa ajili ya mkono, ila anasema atafurahi kuketi na kuwatazama wengine wakianguka kwa hiari yao.

Kazini mkuu aliona pengo mdomoni mwangu akaniuliza kama bado nafaa kupokea wateja. Nilimweleza ukweli wote. Akasema likizo ipo palepale na maelezo ya skii anayataka vilevile. Nitayaandika, Mjomba, na yatakuwa mazuri.

Jana niliketi na dada, nikamsomea kijitabu cha mji wenu: nguo za sufu, viti vinavyoning'inia kwenye waya, giza linaloingia mapema. Alisikiliza kwa makini. Mwisho nikamuuliza kama ana swali lolote la kukuuliza. Nilitarajia aulize habari za baridi, au lugha. Aliuliza kama mlango wa chumba mlichomwandalia una ufunguo, na kama ufunguo huo hukaa upande wa ndani.

Tafadhali nijibu hilo kwanza, kabla ya mengine yote.

Mama anakusalimu na kusema umkumbuke kwa sala. Kaka Randa anakupa mkono. Msalimie mkaza mjomba, na yule mtundu wenu Kipepeo, na mdogo wake Kibonge. Mungu akuzungushie ulinzi wake, wewe na mlango wako.

Mimi mpwa wako, anayekupenda na anayekutegemea,

Msomi