Jina Langu Kinywani mwa Mama Mkwe

Ukunda, Aprili 1999

Kwako dada Eddah,

Shikamoo. Huku mvua zimeanza, na hotelini nimerudishwa jikoni.

Hakimu ameniachilia. Mke wangu Veronicah mwenyewe alieleza kwamba mkono aliuvunja alipoteleza kisimani, sikumpiga. Mama yake ndiye aliyekimbilia polisi bila kumuuliza, kisha akanitangaza kanisani.

Wakili alinishauri nimshtaki mama mkwe kwa kunichafulia jina, nidai fidia. Kwa hasira nilikubali. Lakini aliposema tutakabiliana ana kwa ana mahakamani, nilikataa. Wewe wajua, tangu nioe, nikimwona njiani mimi huingia vichakani, maana kwetu mkwe hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Wakili alicheka sana! Nikamwambia amwandikie tu, akanushe palepale kanisani.

Jumapili mama mkwe alikanusha. Nilisikiliza nje, nyuma ya ukuta, asinione.

Kwa mila yetu, mama mkwe halitamki jina la mkwewe. Mara ya kwanza kulitamka langu ilikuwa katika kituo cha polisi. Jumapili alilitamka tena, polepole, hadi jina la baba, akasema, “Hakumpiga.”

Fidia nyingine siitaki.

Mdogo wako,
Jacktone