Simiti Amewasha Maiki

Nkirote, nimeisha. Nimeisha kabisa.

Mkutano wa kazi wa mtandaoni leo asubuhi, niko kwa nyumba hapa Nchiru, bosi Gitobu anaomba Mungu ndio tuanze. Simiti, kale kapaka kangu, kamepanda laptop kananililia usoni. Nikakabeba nikakaambia, "Hakuna mtu amenigusa tangu Januari, ni wewe tu."

Kumbe kalikuwa kamekanyaga maiki ikawaka!

Watu kumi na wawili, Nkiro! "Hakuna mtu amenigusa."

Gitobu akaendelea na maombi, "Na Bwana, umkumbuke Kajuju." Kwa jina!!

Wote wakajibu Amina.

Sasa ni saa kumi. Hakuna hata mmoja amenipigia.

Simiti amelalia mkono wangu, ndio maana naandika na kidole kimoja.