Aliyeniambia Nizime Kiyoyozi

Hamisa, nimefukuzwa kazi. Sasa hivi.

Unamjua Mhina, mkuu wa mafundi wa mtandao pale ofisini. Asubuhi naingia kufagia chumba cha seva, namkuta anatetemeka kwa homa. Akasema, "Mama Zahara, nizimie hicho kiyoyozi, baridi inaniua." Nikamuuliza mara mbili, mashine hazitaungua? "Fundi ni mimi au wewe?" Nikazima.

Akaenda duka la dawa. Akarudi amesahau kukiwasha!

Saa sita mtandao ukakatika ofisi nzima, mpaka tawi la Handeni. Mafundi wakahangaika na nyaya saa nzima, chomoa, chomeka, mpaka mmoja akaigusa seva akaruka. Ilikuwa ya moto kama kikaango.

Bosi akauliza nani kazima kiyoyozi. Nikasema mimi. Uongo siuwezi, Mungu ananiona. Nikamtazama Mhina, nikingoja amalizie.

Akatazama nyaya. Hamisa, nyaya! Kisha akasema, "Hawa wafagiaji tunawaambia kila siku wasiguse vitu."

Hawa wafagiaji! Mimi ninayempikia uji tangu juzi alipoanza kuumwa!

Bosi akachukua ufunguo wangu palepale, akasema nisirudi.

Getini Mhina akanikimbilia. "Shikamoo mama. Nisamehe, nina watoto." Nikamwambia, "Kwani wangu nimewaokota?"

Akabaki amesimama, kainamisha kichwa, anangoja nimwitikie. Namwogopa Mungu, Hamisa, lakini marahaba haikutoka.