Ndege wa Pai wa Mama

Todmorden, Yorkshire
3 Machi 1957

Mwanangu Muriel,

Barua yako imefika salama, na tumeshukuru kusikia kwamba wewe na mumeo Russ mmeyamaliza majira magumu ya baridi bila kuugua. Sisi hatujambo. Kikohozi cha mdogo wako Clifford kimemwachia. Mimi magoti yananisumbua mvua ikikaribia, na wewe unajua hapa kwetu mvua haiendi mbali.

Usishtuke ukiona mwandiko wa mwingine. Macho yangu yamefika pale daktari aliposema yatafika. Dirisha naliona liko wapi, mtu akipita naona kivuli, basi. Kwa hiyo mimi nasema na wifi yako Beryl anaandika, na barua zako atakuwa ananisomea yeye. Ana sauti nzuri, hata kanisani wamempa kusoma.

Tangu harusi yeye na Clifford wanakaa hapa kwangu, na jiko nimemwachia. Jumapili alitupikia pai ya nyama na viazi, akamsimamisha katikati ya bakuli ndege wangu wa udongo, yule mweusi mwenye mdomo wa manjano. Kifuniko cha unga kilitoka kikavu kabisa, kinavunjika mdomoni, na hakuna tone la mchuzi lililomwagika ndani ya oveni. Clifford alikula mara mbili akalala palepale kwenye kiti. Nikamwambia Beryl kwamba tangu Muriel aondoke hatujala pai ya namna hiyo.

Niandikie upesi.

Mama yako

*

Guelph, Ontario
18 Machi 1957

Mama mpenzi,

Nimefurahi kukusikia, ingawa kwa mkono wa mtu. Hayo ya macho yameniuma sana, nimelia mpaka Russ akaacha chai yake akaja kuniuliza kuna nini. Sisi wazima. Theluji bado inafika magotini na mama mkwe anasema hiyo si kitu.

Sasa tuje kwa ndege. Wifi Beryl, hapa soma kwa sauti na usiruke mstari.

Yule ndege ni wangu. Mama, ulinipa kwa kinywa chako mwenyewe, nikiwa bado msichana wa shule, nimesimama juu ya kibao nikisukuma kinyunya cha unga wa pai. Ulisema siku utakayochoka kupika, ndege atakuwa wa Muriel. Clifford alikuwepo, muulize, ingawa Clifford hakumbuki hata siku yake ya kuzaliwa. Nilipokuja Canada sikumchukua kwa sababu ulikuwa hujachoka. Leo umechoka, na ndege anakwenda kwa mtu aliyeingia mlangoni juzi?

Na hilo la kwamba tangu niondoke hamjala pai ya namna hiyo, nimelisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka. Najiuliza aliyeliandika alikuwa anatabasamu au la. Sisemi Beryl ni mbaya. Siwezi kusema, maana kila anayeniandikia kutoka huko ananieleza Beryl alivyo mzuri. Shangazi Ivy kajaza kurasa mbili. Nimeusikia wema wa Beryl mpaka nimeshiba.

Mwanao wa kwanza,
Muriel

*

Todmorden
2 Aprili 1957

Mwanangu Muriel,

Natumaini barua hii inakukuta na afya na hasira zimepoa kidogo. Sisi wazima.

Beryl alisoma yote bila kuruka. Alipofika kwenye mtu aliyeingia mlangoni juzi alikohoa, akaendelea. Clifford ndiye aliyetoka nje.

Muriel, yule ndege ni kitobo cha kupitishia mvuke. Anasimama katikati ya bakuli, kifuniko kinamshika shingoni, mvuke unatokea mdomoni mwake ili kinyunya kisilowe. Nilimnunua sokoni Halifax, hii ya hapa jirani, kwa sababu baba yako alikuwa hapendi pai yenye kifuniko kilicholegea. Si taji la malkia.

Sikatai kwamba nilikuahidi. Lakini niachie kwa sasa. Nina sababu yangu.

(Wifi, hili naliongeza mimi Beryl. Niko tayari kununua mwingine na huyu nikufungie wewe. Mama ameniambia nilifute na nimekataa.)

Mama yako

*

Guelph
14 Aprili 1957

Mama mpenzi,

Salamu kwako na kwa Clifford. Na kwa msomaji pia. Mimi na Russ hatujambo.

Sababu gani hiyo, Mama? Ni sababu ambayo Beryl anaijua na mimi siijui? Zamani ulikuwa huna la kunificha. Nikikuandikia jambo la ndani leo, linapita kwanza kwenye macho ya mtu mwingine, na likirudi limepita kwenye kalamu yake. Sijui tena lipi lako na lipi lake.

Huku mama mkwe hana ndege. Anachora kifuniko kwa ncha ya kisu, mashina ya ngano mawili yaliyokingamana, mvuke unatokea humo. Mchoro ule ulikuwa wa bibi yake. Kwenye chakula cha kanisa pai zikipangwa mezani, watu wanaangalia tu juu na kusema, hii ya kina Stroud, yaani wakwe zangu. Pai yangu wanauliza ya nani. Nimeolewa hapa miaka yote hii na bado wanauliza ya nani.

Basi acha niseme, na aliyeshika karatasi asome kwa sauti ile nzuri ya kanisani. Nina wivu. Muriel ana wivu na wifi yake. Beryl anakupikia, anakusomea, anakushika mkono mkishuka ngazi, anajua umeamkaje leo. Mimi najua ulivyoamka wiki mbili zilizopita. Nikiamka usiku, wazo la kwanza ni kwamba Beryl yuko chumba cha jirani na chako, na roho inaniuma kana kwamba ameniibia.

Kama bado mimi ni mwanao, nitumie ndege wangu.

Muriel

*

Todmorden
20 Mei 1957

Muriel,

Sisi wazima na tunakuombea uzima.

Ndege yuko melini. Beryl amemfunga ndani ya soksi ya Clifford, imefuliwa usiogope, kisha ndani ya kopo la biskuti.

Yale maneno ya kama bado wewe ni mwanangu usiyaandike tena. Ilinibidi nimsikie Beryl akiyatamka.

Mama yako

*

Guelph
7 Julai 1957

Mama mpenzi,

Natumaini joto limewafikia na magoti yamepumzika. Huku tunaiva.

Ndege amefika mzima, hata mdomo haukupata alama. Nilipomtoa kwenye soksi nilimnusa kama mtu mzima aliyerukwa na akili. Ahsante, Mama. Sikukushukuru mapema kwa sababu nilitaka kwanza nikuandikie jinsi alivyowanyamazisha wote.

Hakuwanyamazisha. Nilipika kwa ajili ya chakula cha kanisa, pai ya ile mboga ya vifito vyekundu vichachu tunavyovipika na sukari. Nilitandaza kinyunya chini kwenye sahani ya bati kama wanavyofanya hapa, nikamsimamisha ndege juu yake, nikamwaga vipande, nikafunika. Kwanza ndege ni mrefu mno. Kifuniko kilimpanda kama hema, kikapasuka mabegani. Mvuke haukutoka mdomoni hata kidogo. Juisi ilipasua pembeni ikaungulia ndani ya oveni, moshi ukajaa nyumba, na kifuniko kikawa uji. Nilipoiweka mezani ndege alikuwa ameinamia upande. Russ alisema anaonekana kama anaomba msaada, na watu wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Alinipigapiga mgongoni, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nimemchungulia tumboni na kumpitisha sindano ya kufumia nione kama kuna kitu kimemziba. Naandika hivyo bila aibu. Beryl, ulimfanya nini ndege wangu?

Muriel

*

Todmorden
22 Julai 1957

Wifi Muriel,

Salamu. Sisi wazima. Barua hii ni yangu mwenyewe na Mama hajui kama naiandika. Amelala mchana.

Barua yako nilimsomea yote isipokuwa swali la mwisho. Ni mara ya kwanza nimeruka mstari. Nilifanya hivyo kwa ajili yake, sio kwa ajili yako.

Sikumziba. Mwangalie miguuni, ana vitobo chini. Mvuke unaingia kwa huko ndipo upande mdomoni. Ukimsimamisha juu ya kinyunya, vitobo vinazama na mvuke hauna njia. Sisi hatutandazi kinyunya chini, wifi, umesahau? Anasimama juu ya bakuli tupu, bakuli la kina kirefu, na kinyunya ni kifuniko peke yake. Ndege wa Yorkshire umempikia pai ya Canada. Mama aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu.

Sasa nikwambie sababu aliyokuwa nayo. Alinikataza, lakini umenichosha. Tangu macho yaondoke, kazi moja tu ya jikoni alibaki nayo, kukata pai. Pai ikifika mezani ananyoosha mkono, anaupapasa mdomo wa ndege, anajua hapo ndipo katikati. Anaweka kisu hapo na kukata kwenda nje, kipande baada ya kipande, vyote sawa, bila msaada wa mtu. Wageni walikuwa hawatambui kwamba haoni. Ndiyo maana alisema umwachie kwa sasa.

Ulipoandika kama bado wewe ni mwanawe, aliniambia nikalete kopo. Nilimwomba akueleze. Akasema, "Nikimwambia atanihurumia, na mimi sitaki kumshinda mwanangu kwa huruma." Niliandika alivyotaka.

Mimi sikuwahi kumtaka yule ndege. Nilitaka wifi.

Beryl

*

Guelph
1 Agosti 1957

Mama mpenzi,

Natumaini wewe na wote nyumbani hamjambo. Russ anakusalimu.

Beryl ameniambia. Usimkasirikie, mimi ndiye niliyemlazimisha kwa maneno yangu. Sikujua, Mama. Lakini hata kujua nilikuwa sitaki, maana ulisema una sababu na mimi nikafikiri sababu ni yeye.

Ndege ameondoka leo kwa ndege halisi, ile ya angani, nimelipia posta ya haraka. Mkono wako umrudie. Kila Jumapili nitakuwa nakuwaza unakata, na kwamba mimi ndiye niliyefanya ukate tena. Ndivyo nilivyo, hata nikitubu nataka sehemu yangu.

Na Beryl, ukisoma hapa, sijui nikwambie nini. Bado roho inaniuma kwamba wewe ulijua na mimi sikujua. Lakini swali lile lilikuwa la mtu mshenzi, na naona aibu.

Mwanao,
Muriel

*

Todmorden
29 Septemba 1957

Mwanangu Muriel,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Sisi wazima, baridi imeanza kupiga hodi. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa sijui jinsi ya kulisema, na Beryl alikuwa hataki kuliandika. Leo nimemwambia kama haandiki, nitaandika mwenyewe, na nitapita nje ya karatasi hadi kwenye meza. Ndiyo ameshika kalamu.

Ndege alifika, ahsante sana. Najua ilikugharimu moyo kumrudisha. Jumapili iliyofuata Beryl alipika ya nyama na viazi, akamweka katikati. Nikanyoosha mkono nikaupata mdomo, ukaniunguza kidogo kama zamani, nikaweka kisu. Kisha nikasimama tu nimekishika. Clifford akaniuliza nangoja nini.

Nilikata. Nilikata sawasawa kabisa, wote wakanisifu. Nikakaa nikala, na chakula hakikuwa na ladha.

Usiku nikagundua nilikuwa nangoja nini. Tangu ndege aondoke, Beryl alikuwa anasimama nyuma ya kiti changu, anaweka mkono wake juu ya mkono wangu, tunakata pamoja. Ananinong'oneza kipande kipi kikubwa na tunampa nani, na kila wiki tunampunja Clifford kwa makusudi na yeye hajui. Ndege aliporudi, Beryl alikaa zake upande wa pili wa meza. Aliona simhitaji tena. Ilikuwa heshima, na mimi niliisikia baridi mgongoni.

Kabla ya hapo, Muriel, nilikuwa nampenda kama mke wa mwanangu. Hayo mengine, ya kumpenda kama binti yangu, yalianza Mei, ulipomchukua ndege. Sisemi haya kukuumiza. Umeniambia wivu wako bila kuficha, na mimi sitakudanganya.

(Wifi, nilimwambia aache hapo. Hakuacha.)

Nimemwambia amtoe ndege kwenye kabati na amfunge. Amempeleka posta jana. Beryl anatoboa kifuniko kwa uma sasa, kinatoka kimelegea kidogo, na sisi tunakila hivyohivyo. Wewe tafuta bakuli la kina kirefu, na chini usitandaze kitu.

Usimrudishe tena.

Mama yako