Kabla Hujafunga Mizigo ya Las Vegas

Nyumba ya Kona, Mtaa wa Palo Seco,
Las Vegas, Nevada.
9 Januari 2019

Kwako mdogo wangu mpendwa Kuulei,

Aloha nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Hamjambo wote hapo mjini Hilo? Goti lako limepona, au bado unapanda ngazi kwa kusali? Rolando na mabinti wanaendeleaje? Sisi hatujambo. Mimi miguu tu, maana kugawa karata zamu nzima umesimama si kazi ya mtu wa umri wangu. Shemeji yako Alvin anasumbuliwa na mgongo, lakini ulimi wake mzima kabisa, kama ulivyomwacha.

Barua yako niliipata Jumamosi na tangu hapo sijatulia. Naandika mistari miwili, nainuka, naenda dirishani, narudi. Mume wangu ameniambia nikae chini kabla sijatoboa sakafu. Umeniuliza uone nini, ufanye nini na ule nini kwa safari yako ya kwanza huku. Hayo ni maswali mepesi, basi acha nianze nayo.

Uje na koti. Watu wetu wakisikia jangwa wanakuja Februari na kandambili, halafu wanatetemeka kituo cha basi kama vifaranga. Asubuhi baridi ya huku inauma masikio. Maji nayo unywe hata kama huna kiu, kwa sababu hewa inakausha mpaka pua. Wewe uliyezoea mvua ya Hilo kila siku, midomo itakupasuka kabla hujatoka uwanja wa ndege.

Najua utafikia ile hoteli ya katikati ya mji wanakofikia watu wote wa visiwa vyetu vya Hawaii. Sikukatazi. Ukiingia tu utakutana na nusu ya mji wetu, na mwalimu wako wa darasa la tatu utamkuta mbele ya mashine ya kamari kavua viatu. Hapo ule supu ya mkia wa ng'ombe, yenye tangawizi na giligilani, na wali pembeni. Ule siku ya kwanza, usingoje. Atakayekwambia bafe za hoteli kubwa ndizo zenyewe, mwitikie tu kwa heshima. Bafe ni ya macho. Utajaza sahani tatu na utashiba ya kwanza.

Kwenye meza za karata, sikia maneno ya dada yako. Pesa usimpe mgawaji mkononi, weka mezani. Karata zikishagawiwa, dau lako usiliguse tena, hata kwa kulinyoosha. Cheza na pesa ile uliyokubali moyoni kwamba imekwenda, na ikiisha, nyanyuka. Mezani kwangu usije. Ndugu haruhusiwi kucheza kwa ndugu, na mama mdogo Momi alishaniponza. Alisimama mlangoni na shoga yake akanipungia mkono, akaita, "Nohea, huyu rafiki yangu mpe karata za maana, bwana." Msimamizi akanihamishia meza nyingine pale pale, na Momi mpaka leo anasema alikuwa ananisaidia.

Jioni tutakwenda kutazama zile chemchemi zinazocheza kwa muziki. Ni bure, na mimi huwa nalia, usinicheke. Siku nyingine nitakupeleka nje ya mji kwenye miamba myekundu. Huko nataka tukae kwa muda mrefu kidogo, na sababu yake nitakueleza.

Sasa nifike kwenye lile linaloninyima raha. Jumapili mama mdogo alikuja kula, nikawasomea barua yako kwa sauti. Tulicheka sana ulipouliza kama mtu akishinda anatakiwa kupiga kelele. Kisha nikafika mwishoni, pale ulipouliza kama mti wa ti unaota huku, na kama unaota, upandwe mwezi gani. Momi akaweka uma chini.

"Huyo haji kutembea," akasema. "Huyo anahama."

"Ameuliza tu," nikamwambia.

"Ameuliza tu! Mgeni wa siku chache anauliza ti ya nini? Ti mtu anapanda kwenye pembe za nyumba yake, akinge mabaya. Au atapanda kwenye pembe za chumba cha hoteli?"

Alvin akacheka mpaka akashika mgongo. "Si ndiyo vizuri?" akasema. "Kila siku unamlilia mdogo wako. Haya, anakuja, sasa umenuna."

Nimenuna kweli, Kuulei. Namlilia mdogo wangu, si uongo. Nimekukumbuka hadi nakusikia ukikohoa jikoni kwangu. Lakini nikifikiri kwamba utaufunga mlango wa nyumba aliyokuachia baba na kuondoka, nainuka tena naenda dirishani.

Sheria ya ardhi ile unaijua kuliko mimi. Hatukuinunua. Ni ardhi tunayopewa sisi Wahawaii tukae juu yake, na asiyekaa anamwachia aliye nyuma yake kwenye foleni. Baba alijiandikisha kabla mimi na wewe hatujazaliwa, akapata kiwanja nywele zimeshaanza mvi. Unakumbuka siku aliyopewa? Alikaa kwenye majani, mvua inanyesha, akakataa kuingia kwenye gari. Mama akamwambia, "Wewe mzee, utaugua." Akajibu, "Acha niugue kwangu."

Sikulaumu hata chembe. Kazi mbili, paa linavuja, maziwa bei yake kama dawa, na mabinti wanakua. Umechoka, na ningekuwa mimi ningechoka zamani. Ila nakuomba uangalie vizuri jambo moja, kwa sababu limewapata wengi wetu. Mtu wa kisiwani anakuja huku, anafikia hoteli ile ile, anakula supu ile ile, kila anayemwona ni binamu wa mtu anayemjua. Siku nne zikipita anasema, kumbe hapa ni nyumbani, tofauti ni kwamba nyumba zinanunulika. Anarudi, anauza gari, anahama. Halafu inafika Julai, nje moto kama tanuri, wageni wote wamerudi visiwani, na yeye yuko ndani na mapazia yamefungwa. Namjua mwanamke mmoja wa mji wa Waimea kule kwetu, tuko naye zamu moja. Mvua ikinyesha hapa, na ni mara chache sana, anaomba ruhusa atoke nje asimame tu.

Ndiyo maana nakupeleka kwenye miamba. Nataka ukae pale usikilize usikie hakuna bahari popote. Baada ya hapo, ukisema bado unataka kuhama, sitakubishia tena. Nitakutafutia nyumba mwenyewe, na kazi kwa Rolando, na mabinti nitawapikia mimi.

Lakini nyumba ya baba haitapewa mtu mwingine. Nimemwambia Alvin hivi: Kuulei akija kukaa, mimi narudi.

"Unarudi kufanya nini?" akaniuliza. "Kule Hilo hakuna kasino."

"Nitapumzika."

"Chini ya paa linalovuja?"

"Tutakinga masufuria."

"Tutakinga? Wewe na nani?"

Tangu hapo amenyamaza, na unamjua Alvin, hata usingizini huwa anaongea. Naogopa, sitakuficha. Sijui kama atanifuata. Lakini nimeulizia ofisi ya ardhi, na jina la dada linaweza kuandikwa mahali pa jina la mdogo wake, mradi aliyeandikwa sasa, yaani wewe, akubali kabla hajaiachia ardhi. Kwa hiyo nakuomba, mama, karatasi yoyote watakayokuletea usitie sahihi mpaka tuonane uso kwa uso. Ukitaka kubaki Hilo, ubaki kwa kupenda, nami nitatuma fundi wa paa. Ukitaka kuja, njoo, tubadilishane. Sina neno la tatu.

Nisalimie Rolando, mwambie alete zile embe kavu, na asile zote kwenye ndege. Wabusu mabinti wote wawili, na yule mdogo umwambie shangazi wa Las Vegas, kama anavyopenda kuniita, amemwekea kitanda. Mama mdogo Momi anakusalimu, anasema goti ulipake mafuta ya moto. Bi Haunani jirani yako msalimie sana, amekuwa mwema kwetu miaka yote, lakini safari hii ufunguo wa nyumba ya baba usimwachie. Uje nao mwenyewe, unipe mkononi.

Mungu akuvushe salama juu ya maji yote hayo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda ukija na ukibaki,
Nohea