Mtunze, Nimkute

Pasiansi, Mwanza
14 Novemba 1942

Mdogo wangu Nkwabi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko jeshini walikokupeleka? Unakula ukashiba? Sisi wazima. Suzana wangu ameanza kutambaa. Shemeji yako Ngosha bado mgongo unamsumbua, na tangu aumwe mgongo amekuwa na maneno mengi kuliko kazi.

Korongo wamefika. Mvua ilipoanza tu, nikatoka asubuhi nikawakuta wamejaa majarubani, weupe, wanatembea kwa madaha yao yale yale. Nikakukumbuka, wee! Tulivyokuwa tukiamia ndege kwenye mtama wa mama, wewe na kombeo lako, kila ndege unamtupia jiwe isipokuwa korongo. "Huyu mgeni," ulikuwa unasema, "katoka mbali."

Sasa sikia. Mmoja ameumia bawa, sijui ni mbwa, sijui nini. Nimemkamata kwa tabu, kanidonoa mkono mpaka damu. Nimechana ile khanga nyekundu ya marehemu mama, nikamfunga bawa kwa kipande. Ngosha anauliza sufuria naipeleka lini jikoni. Nimemwambia akimgusa atanitambua. Niambie wewe, nifanye naye nini?

Dada yako,
Tereza


Kambini, mahali sina ruhusa kupataja
20 Januari 1943

Dada Tereza,

Shikamoo, na shikamoo nyingine juu yake, maana hii ndiyo barua ya kwanza kunifikia tangu tuvuke bahari. Mimi mzima. Kazi yetu si bunduki, ni sururu na koleo, na kupakua masanduku kutwa nzima. Baridi ya huku usiulize, nalala na koti na viatu. Ninaye mwenzangu Josephat wa Kisesa, tunapiga Kisukuma chetu, tunacheka, siku zinakwenda.

Barua yako nimemsomea kwa sauti, sasa hema zima linamjua korongo wako. Dada, nakuomba, usimchinje! Mwambie shemeji avumilie, nitamletea nyama ya kopo. Mtunze, nimkute. Tunasikia huenda mwezi wa sita tukapewa livu, tuje nyumbani kupumzika. Nikishuka stesheni nakuja moja kwa moja kumwona kwa macho yangu. Na usije ukaniwekea korongo mwingine ukadhani sitajua.

Mdogo wako,
Nkwabi


Pasiansi
30 Machi 1943

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Hatujambo, ila njaa imeingia. Mvua ilikatika mtama ukiwa magotini, tunakula michembe, vile viazi vikavu. Majirani wananisema, eti Tereza analisha ndege samaki, furu ambao watu wangekula. Waseme. Naenda mwenyewe ufukoni na kikapu, natafuta vyura, panzi, vifuru vidogo, naye anakula kunishinda mimi.

Bawa limepona, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Wenzake walikuwa wanakusanyika ufukoni, kila siku wanazidi, mpaka miamba ikawa myeupe. Wangu naye akawa anarukaruka uani, anapiga mabawa, anagonga mdomo ka-ka-ka kutwa. Nikamfunga mguu kwa kamba ya katani, nikaifunga kamba kwenye nguzo ya ghala.

Jana jua lilipopanda wakaruka wote. Wakazunguka, wakazunguka, wakapanda mpaka wakawa vumbi tu juu, kisha wakashika njia yao ya upande wa Kisesa. Wanaambaa ufuko, ziwa hawalikati, unakumbuka tulivyobishana? Wangu akaivuta kamba mpaka mguu ukachubuka. Ngosha akasema, "Mama Suzana, mfungue, hiyo dhambi." Nikamfokea mume wangu mbele za watu.

Wewe umesema umkute. Nkwabi, sikufichi, naona nikimwachia huyu nimekuachia na wewe. Basi yupo, na atakuwepo. Njoo.

Dada yako,
Tereza


Kambini
11 Aprili 1943

Dada,

Shikamoo. Barua nyingine toka kwako sijapata, lakini leo siwezi kungoja. Korongo wamepita hapa! Dada, hawahesabiki, mbingu nzima. Tumesimama na makoleo yetu, hata sajini kasahau kufoka. Josephat akalia machozi kabisa, akasema, "Hawa wamepita juu ya nyumba yetu."

Wengine walitua bondeni karibu na kambi. Nikaomba ruhusa, nikawazunguka polepole, namtafuta wako. Nilijua akipona utamwachia, na nilijua huwezi kukosa kumfunga kitambaa chekundu mguuni ili nimtambue. Nilitazama miguu mpaka macho yakaniuma, Josephat ananicheka. Sikumwona. Lakini ni wengi mno, labda nimepishana naye. Kesho nitatazama tena.

Ile "mtunze, nimkute" nilisema kwa hamu tu ya nyumbani. Kama bado unaye, mwachie, dada yangu. Nitafurahi zaidi nikimwona huku anapita. Livu yetu imesogezwa mbele, haijulikani lini. Keshokutwa tunahamishwa kwa malori, wapi sijui, na ningejua wakaguzi wa barua wangekata. Unisalimie shemeji, na umbusu Suzana.

Mdogo wako,
Nkwabi


Pasiansi
2 Julai 1943

Mdogo wangu Nkwabi,

Leo sikuulizi hali.

Mwezi wa tano niliitwa bomani, nikaambiwa lori lenu lilipinduka mlimani, na wewe ulikuwemo. Mkiwa ndiyo kwanza mnahama. Nililia mpaka sauti ikaniisha. Niliporudi nyumbani nikaongeza fundo la pili kwenye ile kamba. Kwa nini, siwezi kueleza. Nilimwona ndiye aliyebaki.

Jana ndipo barua yako ya Aprili ikafika, imechakaa, imezunguka sijui wapi na wapi. Niliifungua dukani kwa Bachubai, yule mama wa Kihindi. Mama wa watu akaacha wateja, akanishika, akanikalisha juu ya gunia la chumvi.

Ulikuwa unamtafuta. Unatazama miguu ya ndege huko bondeni, Nkwabi, na wako alikuwa hapa uani, nimemfunga mimi.

Asubuhi hii nimemfungua. Ngosha alimshika, mimi nikamfunga kipande cha khanga ya mama mguuni, juu ya kidonda cha kamba. Akasimama tu. Akatembea mpaka majarubani, kukavu, akarudi akanitazama usoni, anangoja furu wake. Nikampigia kelele, haendi. Nikaokota bonge la udongo nikamtupia. Mimi, Nkwabi, nimemtupia korongo. Ndipo akaruka.

Akazunguka peke yake, akapanda, akashika upande wa Kisesa, akiambaa ufuko kama wenzake walivyofanya. Wenzake walikwisha kwenda miezi mitatu iliyopita. Nilimtazama mpaka Ngosha akaja kuniondoa juani.

Barua hii naipeleka posta kwa anwani yako ile ile, karani aseme atakavyo. Akipita huko ulikolala, mtazame mguu, ana kitambaa. Amechelewa, lakini usimlaumu. Mimi ndiye niliyemchelewesha.

Dada yako,
Tereza