Ni Rangi Tu

Lubumbashi, 3 Februari 2023

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima. Sipigi simu kwa sababu haya hayafai kusikiwa na watu. Unajua mgodini niliingia kwa diplome, cheti cha shule cha marehemu kaka, na huku naitwa kwa jina lake, Chola. Sasa mtu amenichongea kwa wakubwa kwamba Chola alishakufa. Watatuma mjumbe Mitwaba kupiga picha ya kaburi. Nakuomba, pale msalabani futa Chola, uandike jina langu, Chama. Ni rangi tu, mama.

Mtoto wako,
Chama

Mitwaba, 20 Februari 2023

Mwanangu,

Nimepokea salamu. Mgongo ni uleule, asante kwa dawa. Tangu kaka yako azaliwe naitwa Mama Chola. Nikimfuta, nitakuwa mama wa nani? Na wewe uliye hai nikuandike kaburini kwa mkono wangu? Nimekasirika sana. Lakini niliandika. Mjumbe alifika Alhamisi, akauliza nani amelala pale. Nilisema Chama, nikalia, akaniamini. Usiniombe tena jambo kama hili.

Mama yako,
Mama Chola

Lubumbashi, 9 Juni 2025

Mama,

Natumaini u mzima. Barua zangu tatu hukujibu, na simu hupokei. Kazi imekwisha, wamepunguza watu. Juzi hapa mtaani Naviundu mtu aliita "Chama", sikugeuka mpaka aliponishika bega. Hata mke wangu Estelle ananijua kama Chola. Nimechoka. Nataka kurudi nyumbani nilime. Nirudishie jina langu.

Mtoto wako,
Chama

Mitwaba, 30 Juni 2025

Kwako unayeandika,

Habari ya afya? Mimi mgongo umenishinda. Baada ya ile rangi, majirani walisoma msalaba wakadhani umekufa mgodini, umezikwa kimyakimya kaburi moja na kaka yako. Wakaja: "Mama Chola, pole. Na huyu mutoto mwingine naye?" Ningesema nini, nawe kazi yako ingepotea? Nilikaa kwenye mkeka wa msiba siku tatu, wakakulilia. Mwanzo nilikuwa nadanganya. Siku ya tatu machozi yalikuwa ya kweli, na tangu hapo sauti yako kwenye simu inanitisha. Shamba lako analima binamu yako Mumba.

Jina hilo siwezi kulirudisha, nimekwisha kulizika. Usiniandikie tena kwa jina la mwanangu.

Mama wa marehemu Chama